Sherehe ya Kufunga Mwaka Ofisini: Tathmini ya Huduma Tuliyoilipia Dodoma

Kampuni nyingi zinazoandaa sherehe jijini Dodoma huanza mazungumzo na mteja kwa kumwonyesha picha za mapambo zilizomo kwenye simu. Kampuni ambayo ofisi yetu iliipa kazi ya kuandaa sherehe ya kufunga mwaka, Desemba 2024, ilianza kwa kutuuliza maswali, na kwa tathmini yangu maswali hayo yalichangia mafanikio ya siku ile kuliko taa, maua na vitambaa vyote vilivyotandazwa. Nilikuwa katibu wa kamati ya maandalizi, kwa hiyo ninayoyaeleza niliyafuatilia tangu barua ya kuomba bei hadi viti vilipohesabiwa na kurudishwa. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa nitaeleza dosari zake bila kuzipunguza makali, na kwa kuwa anayetafuta mtoa huduma atafaidika zaidi akijua cha kuuliza kuliko akijua namba ya kupiga.

Sherehe ya ofisi Dodoma ina mazingira yake. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa ulifanywa mwaka 1973, lakini wizara na taasisi zilihamia kwa wingi baada ya mwaka 2016, na Aprili 2018 mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji. Matokeo yake, ofisi moja ina mtu wa Bukoba, wa Songea, wa Unguja na wa Rombo, na wengi wao bado wana familia Dar es Salaam au mikoani. Ikishapita sikukuu ya Uhuru tarehe 9 Desemba, kila mmoja anaanza kuhesabu siku za kuondoka: wa Kaskazini wanawahi tiketi za mabasi kabla nauli haijawa ya kubembelezana, na wa Dar es Salaam wanaitegemea treni ya umeme, ambayo tangu ianze safari za Dodoma mwaka 2024 imewawezesha wengine kutoka kazini jioni na kulala nyumbani kwao usiku huo huo. Sherehe ikipangwa tarehe 20, kamati itabaki na chakula chake. Kwa hiyo nafasi halisi ni siku chache tu baada ya Uhuru, na siku hizo ofisi zote za jiji zinagombea wapishi wale wale, mahema yale yale na washereheshaji wale wale. Sisi tulianza kuomba bei mwezi Septemba, na hata hivyo sehemu mbili tulizozipenda zilikuwa zimekwisha chukuliwa.

Mwenye kampuni ni mama wa makamo ambaye vijana wake wote wanamwita Mama tu, na baada ya dakika chache na sisi tukajikuta tunamwita hivyo hivyo. Alikuja ofisini na daftari la kawaida la shule, akakataa soda, akaanza kuuliza. Tulikuwa tumependekeza Ijumaa, kama ofisi nyingi zinavyofanya, ili watu wapumzike kesho yake.

“Wasabato mnao?” aliuliza.

Mwenyekiti wa kamati akajibu kwamba wapo kadhaa, na mmoja wao ni mkuu wa kitengo.

“Basi Ijumaa jioni mmewafungia mlango, Mwenyekiti. Jua likizama, kwao Sabato imeshaingia. Fanyeni Alhamisi.”

Tukahamia Alhamisi, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amewaza jambo hilo, ingawa tumekaa na watu hao ofisi moja kwa miaka. Baada ya hapo daftari liliendelea. Nyama itachinjwa na nani, na Waislamu wameridhika na mchinjaji huyo? Nani ana kisukari, nani ana shinikizo la damu, nani ananyonyesha? Madereva watakula saa ngapi, pamoja na wenzao au kwenye magari? Walinzi wa zamu watapelekewa chakula lindoni au wataambiwa kimekwisha? Na swali ambalo ningependa kila kamati iulizwe: mgeni rasmi ni nani, anafika saa ngapi, na akichelewa, watu watakula au watamsubiri?

Swali hilo la mwisho lilizua ukimya mezani, kwa sababu kila aliyewahi kuhudhuria shughuli ya ofisi anajua kinachotokea. Chakula kinafunikwa saa 12 jioni, mgeni rasmi yuko kwenye kikao, mshereheshaji anarudia utani ule ule, watoto waliokuja na mama zao wanaanza kulia, na ukija kupakua saa 3 usiku wali umekauka na kuku amekuwa gogo. Mama alitaka jibu la maandishi. Tukakubaliana, na likaingia kwenye mkataba, kwamba chakula kitafunguliwa saa 1 usiku hata kama mgeni rasmi hajafika, na kwamba sahani yake itatengwa. Mwenyekiti alipeleka jambo hilo kwa mkuu wa taasisi kwa heshima zote, na mkuu akaridhia kwa furaha kuliko tulivyotarajia.

Kuhusu bei, tulilipa shilingi 45,000 kwa kila mtu, bei iliyojumuisha chakula, mahema, viti na meza, mapambo, vyombo vya muziki na mshereheshaji, huku vinywaji vikihesabiwa peke yake. Kwa Dodoma hiyo si bei ya chini. Tulipata mtu aliyetaka 30,000, lakini tulipomwomba achanganue, tukakuta mahema hayamo, usafi haumo, na asilimia 18 ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ingeongezwa mwishoni. Mama alitaja bei yenye kodi ndani yake tangu siku ya kwanza na akatoa risiti ya kodi ya mashine ya EFD bila kukumbushwa, jambo ambalo mhasibu wetu, mtu asiyesifu ovyo, alilitaja mara mbili katika kikao cha kufunga hesabu. Sehemu ya fedha ilitoka ofisini na sehemu ilikuwa michango ya watumishi wenyewe kupitia lipa namba, kwa hiyo kila shilingi ilikuwa na macho juu yake. Jambo moja sikulipenda: idadi ya chini ya watu ilikuwa mia moja, na wale ambao hawakutokea walilipiwa. Hoja ya kampuni ni kwamba mbuzi akishachinjwa hafufuki, nami naikubali, lakini siku tatu za kurekebisha idadi ni chache mno kwa ofisi ambayo watu wake hutumwa safari za kikazi ghafla.

Sherehe ilifanyika kwenye bustani upande wa Ilazo. Wajumbe wengine walitaka ukumbi wa hoteli, wenye viyoyozi na zulia, na hoja yao ilikuwa na uzito kwa sababu Desemba ndipo mvua za Dodoma zinapoanza kuchanganya. Mkoa huu ni mkame, mvua zake ni za msimu mmoja tu, takriban Desemba hadi Aprili, lakini zikija huja na upepo, na upepo wa Dodoma ukiamua kubeba vumbi hauangalii nani amevaa nguo nyeupe. Mama alijibu kwa mahema yenye kuta za pembeni zinazoshushwa, yaliyofungwa kwa kamba kwenye vigingi vya chuma badala ya ndoo za mchanga ambazo nimeziona zikiburutwa kwingine. Saa 10 jioni wingu lilijikusanya upande wa Mlimwa, likamwaga kwa muda mfupi, kuta zikashushwa, na muziki haukuzimwa. Ndani ya hema hapakuingia tone.

Nje ilikuwa habari nyingine. Eneo la kuegesha magari halikuwa na kokoto, na udongo ule mwekundu ukilowa hugeuka utelezi unaonata. Magari mawili madogo yalikwama, na dada mmoja wa masjala aliingia ukumbini ameshika viatu mkononi. Kampuni inayouliza nani ananyonyesha ilipaswa kuuliza pia magari mangapi yanakuja. Vijana walitandika mbao baadaye, lakini kufikia hapo wageni wengi walikuwa wamekwisha chafuka. Dosari ya pili ilikuwa ya umeme: ulipokatika, jenereta ilikuwepo na ilikuwa na mafuta, ila aliyepaswa kuiwasha alikuwa amekwenda kununua vocha. Tulikaa gizani kwa muda uliotosha watu kuanza kuimba wenyewe, na kwa haki ya Mungu waliimba vizuri, lakini hilo haliwezi kuandikwa kwenye hesabu ya kampuni.

Sasa chakula, ambacho ndicho kilichonifanya niandike tathmini hii kwa kirefu. Mbuzi wawili wa ndafu walinunuliwa mnadani Msalato, na kwa wasioifahamu Dodoma, huo ni mnada ambao watu wa mjini huenda Jumamosi kwa ajili ya nyama choma kama wengine wanavyokwenda ufukweni. Nilifika bustanini asubuhi kukagua meza nikamkuta mchomaji amekwisha wapaka mbuzi wake tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na maji ya papai bichi ya kulainisha nyama, na amewaweka kwenye moto wa mkaa uliotawanywa pembeni yao, si chini yao. Alikuwa akiwageuza polepole na kuwapaka tena kwa fundo la majani, na kila mafuta yalipodondoka alisogeza kaa kwa koleo ili moto usiruke ukaichoma ngozi. Niliposogea karibu mno aliniambia, “Katibu, huyu hataki haraka, na wewe usimletee haraka.” Jioni ndafu ilipoletwa mbele, imesimama kwenye sinia na majani mdomoni, kisu kilipita kwenye paja bila kusukumwa. Nimekula ndafu nyingi za harusi ambazo nje ni nyeusi na ndani bado kuna damu. Hii haikuwa mojawapo.

Pilau ilikuwa nzuri bila kuwa ya ajabu. Kuku walikuwa wa kisasa, ingawa mkataba ulisema wa kienyeji, na nilipouliza, Mama alikiri kwamba mfugaji wake wa Bahi alimwangusha, akapunguza shilingi 2,000 kwa kila sahani kabla sijamaliza sentensi. Ndizi za nyama ziliisha mapema mno. Kilichowashangaza wengi ni meza ndogo pembeni iliyokuwa na ugali wa uwele, mlenda na mboga za majani za kukaushwa, chakula cha Wagogo wenyewe, ambacho watumishi waliohamia hapa huishi nacho jirani kwa miaka bila kukionja. Kamati ilikuwa imeikubali meza hiyo shingo upande, kwa hofu kwamba itaonekana ya kimaskini. Ndiyo iliyokuwa na foleni ndefu kuliko zote, na naibu mkuu wa taasisi, mzaliwa wa Mpwapwa, alikwenda kupakua mara ya pili mwenyewe, akikataa kupelekewa.

Foleni nyingine zilikuwa fupi kwa sababu chakula kilipangwa kwenye vituo vinne vyenye vitu vile vile, watu wakaitwa meza kwa meza, na wahudumu wa usafi na madereva wakaitwa mapema, mara baada ya meza ya wazee. Kwenye shughuli nyingi kundi hilo hupata mifupa. Walinzi wa zamu walipelekewa vyao vikiwa kwenye vyombo vilivyofungwa, na mpelekaji alirudi na saini zao kwenye daftari la shule. Saa 1 usiku ilifika mgeni rasmi akiwa bado njiani kutoka Mtumba, kwenye mji wa Serikali. Vifuniko vikafunguliwa kama mkataba ulivyosema. Alipoingia alikuta watu wanakula, akaongozwa hadi meza kuu, akaletewa sahani yake ya moto, na hotuba yake ikaja baadaye mbele ya watu walioshiba, ambao kwa kawaida ni wasikivu kuliko wenye njaa.

Kwa tunda la mwisho, mjumbe mmoja alikuwa ameng’ang’ania zabibu, akisema haiwezekani sherehe ifanyike Dodoma bila zabibu. Mama alimweleza kwa upole kwamba mzabibu wa hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka, karibu na Februari na Machi na tena karibu na Agosti na Septemba, na kwamba zabibu za Desemba atakazozipata zitakuwa zimesafiri kuliko wageni wenyewe. Akaleta maembe, ambayo msimu wake ndio huo, yamekatwa na kupozwa. Zabibu ikaingia mezani kwa njia nyingine, yaani chupa za mvinyo wa hapa hapa Dodoma, na kwa wasiotumia kilevi juisi ya ukwaju na ya ubuyu iliyotengenezwa siku ile ile. Vinywaji viligawiwa kwa kuponi, soda na maji bila kikomo na bia kwa kiasi, utaratibu ambao vijana waliunung’unikia mwanzoni. Ofisi iliyowahi kufungua baa bila kuponi haitanung’unika.

Mshereheshaji ndiye aliyenifurahisha kwa nusu ya kwanza na kunichosha kwa nusu ya pili. Alifungua kwa “Mbukwenyi!”, salamu ya Kigogo, na ukumbi ukagawanyika papo hapo kati ya walioitika kwa kelele na waliogeuka kuwauliza jirani zao. Alizingatia swala ya magharibi bila kukumbushwa, akasimamisha ratiba, akawaelekeza Waislamu mahali palipotandikwa mikeka na kuwekwa maji ya kutawadha, na hakupiga muziki hadi waliporudi. Lakini kadiri usiku ulivyoingia alianza utani juu ya maumbile ya akina dada wa uhasibu, utani ambao hauna nafasi mahali ambapo watu watakutana kesho asubuhi kwenye kikao. Mwenyekiti alimwita pembeni, naye akaacha. Ni vizuri mipaka hiyo iandikwe mapema, kama ilivyoandikwa saa ya chakula.

Kikundi cha ngoma ya Wagogo kilikuwa nyongeza tuliyoilipia peke yake, na kwa maoni yangu hakuna fedha iliyotumika vizuri zaidi siku ile. Akina mama walikaa na ngoma zao za muheme zimebanwa magotini, wanaume wakiwa na zeze na marimba, zana zile zile ambazo marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alizitembeza duniani, na walipoanza hakuna aliyehitaji kipaza sauti. Mhasibu wetu yule asiyesifu ovyo alivua koti, akaingia uwanjani, akacheza kwa mabega hadi mgeni rasmi akasimama kumtuza. DJ alipochukua zamu baada yao, alipata shida kuwarudisha watu kwenye nyimbo za redioni, na nadhani alistahili shida hiyo, kwa sababu sauti yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba meza za karibu na vipaza zilikuwa zikizungumza kwa ishara.

Zawadi sitazieleza sana. Vyeti vya watumishi hodari vilitolewa, picha zikapigwa, na kila mtumishi akaondoka na kikapu cha mchele, sukari na mafuta ya kupikia, ambacho kwa mtu anayesafiri kwenda kwa wazazi kina maana kuliko kikombe chenye nembo ya ofisi. Kampuni ilivifungasha vikapu hivyo vizuri na kuvipanga kwa majina kwenye mlango wa kutokea, hivyo hapakuwa na msongamano wala aliyebeba viwili. Saa 4 usiku muziki ulizimwa, mabasi madogo mawili yakawa yanasubiri, moja kwa wanaoishi Nzuguni na Ihumwa, jingine kwa Nkuhungu na Chang’ombe. Usafiri huo ulikuwa ndani ya bei, na sikumbuki mtoa huduma mwingine aliyeutaja hata baada ya kuulizwa.

Kamati imependekeza kampuni hiyo ipewe kazi tena, kwa masharti manne: kokoto au mbao zitandikwe mapema kwenye maegesho, mtu wa jenereta asiondoke eneo la shughuli, kuku wawe wale walioandikwa, na mshereheshaji apewe mipaka yake kwa maandishi. Malipo ya awali ni nusu ya bei, robo hulipwa siku moja kabla, na robo iliyobaki baada ya viti na vyombo kuhesabiwa. Tarehe inashikiliwa malipo ya awali yakipokelewa kabla ya mwisho wa Septemba. Ofisi itakayokwenda Novemba ikitegemea kufahamiana na Mama itarudishwa kwa tabasamu na kupewa namba ya mtu mwingine.